Mayai Niliyoyabeba Kutoka Masisi



Katika kikao chetu cha juma lililopita, tulipofika kwenye mambo mbalimbali, mama mmoja alisimama akauliza: "Kuku wangu alitoa vifaranga kumi na mmoja. Leo amebaki na watatu. Nimekosea wapi?" Kabla hajakaa alikwisha kujibiwa mara tatu. Mmoja alisema ni mwewe. Wa pili alisema ni jicho la jirani. Wa tatu alisema ndivyo kuku walivyo, wanazaliwa wengi ili wabaki wachache. Tukacheka, tukapita kwenye likelemba.

Mimi nilinyamaza, na kule kunyamaza kumenisumbua juma zima. Swali lile liliwahi kuwa langu, na jibu lake nililipata kwa shida. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu hili.

Kwanza nikiri jambo. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilitoka ISP na diploma yangu, na kila mwaka nilichora yai ubaoni kwa chaki za rangi: ganda, ute, kiini, na kile chumba kidogo cha hewa upande mnene. Wanafunzi walinakili vizuri. Siku 21, joto la digrii 37 na nusu hivi, wote walikariri. Lakini nyumbani kwangu, kwenye vilima vya Masisi, vifaranga walikuwa wanakufa kama kwa kila mtu. Sikuwahi kuunganisha ule ubao na ule uwanja nyuma ya jiko.

Masisi inasifiwa kwa ng'ombe na jibini. Ng'ombe ni mambo ya wababa. Wanazihesabu, wanazitaja, wanagombana kwa ajili yake. Kuku ni wa mama mpaka siku mgeni anapofika, ndipo anakuwa wa nyumba nzima. Tate yangu, yaani mama mzaa mama, hakula kuku maisha yake yote. Kwao kuku alikuwa wa wanaume na wageni; mwanamke alimfuga, akampika, kisha yeye akala sombe. Mimi ninakula kuku bila kuuliza mtu, lakini nilikuwa nimerithi ile fikra ya kwamba kuku ni kitu kidogo na anajitafutia. Kitu kidogo hakiandikwi kwenye kaye.

Nilianza kuandika kwa sababu ya pesa. Jina langu lilikuwa bado halijaonekana kwenye listingi ya mishahara, na primu ya wazazi ilikuja ilipopenda. Binti yangu alikuwa anakaribia kuingia la saba, na mnajua wenyewe: shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini ukivuka la sita unaanza kulipa. Nikajiambia nitauza kuku. Kuku akatoa kumi, nikahesabu faida kichwani kabla hata hawajakauka manyoya. Baada ya majuma mawili walikuwa wawili.

Nikachukua kaye ya zamani, nikaanza kuandika kila kifo: siku gani, saa gani, nimemkuta wapi. Baba watoto alicheka, akasema sasa nimeanza kufanya apeli kwa kuku. Niliandika hivyo kwa matoleo matatu. Vifaranga 29 walitoka, 6 wakafikia kuuzwa. Katika wale 23 waliokufa, mwewe tuliyemlaani kila asubuhi alikuwa amechukua wanne tu. Wawili walikanyagwa. Wawili walizama kwenye sahani ya maji. Waliobaki, kumi na watano, niliwakuta asubuhi wamelala wamenyooka, au baada ya mvua wamelowa chini ya migomba. Karibu wote hawakuwa wamemaliza siku kumi.

Mwuaji wao alikuwa baridi. Nilikaa na ile kaye usiku, nikaona aibu, maana jambo hilo nililifundisha. Kifaranga anapotoka kwenye yai hajui kujitengenezea joto la kutosha. Juma la kwanza anahitaji kuwa mahali penye digrii 32 hadi 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila juma mpaka manyoya ya kweli yaote. Sasa fikiria asubuhi ya Masisi: ukungu, umande hadi magotini. Mama kuku ana njaa kwa sababu alikaa majuma matatu juu ya mayai bila kula vizuri, na sisi hatumpi kitu. Anatoka alfajiri kutafuta, watoto nyuma yake kwenye majani yaliyolowa. Akisimama kuwafunika wanapata joto, lakini hawezi kusimama, ana njaa. Tunamwita mama mbaya, kumbe sisi ndio tumemfukuza nyumbani.

Toleo lililofuata nilimfunga mama kuku mguu kwa kamba ya kitambaa, ndani ya jiko, kwa majuma mawili na nusu. Vifaranga walikuwa huru kumzunguka. Nilimpa mapumba ya mahindi, mchwa ambao watoto walichimba wakitoka shuleni, na soya kidogo niliyoikaanga na kuisaga. Vifaranga niliwapa mahindi yaliyopondwa laini sana, na maji kwenye kifuniko chenye vijiwe ndani ili asizame mtu. Majani makavu chini niliyabadilisha kila yalipolowa. Sehemu mbichi ndiyo inayoleta kuharisha damu. Mama mkwe alipita akatazama muda mrefu.

"Madamu, kuku huyu ameiba nini hata umemfunga?"

"Hajaiba, mama. Yuko likizo ya uzazi."

Alikwenda akicheka, akawasimulia wenzake kisimani. Nilitoa kumi na mmoja, nikabaki na tisa. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe aliniomba kipande cha kamba.

Baada ya hapo nilipata hamu ya kujua hata kinachotangulia kutoka kwa vifaranga. Nikaacha kumwekea kuku kila yai lililopatikana. Nilichagua ya wastani, safi, yasiyo na ufa, ambayo hayajapita siku saba hivi tangu yatagwe, nikiyahifadhi mahali pa baridi, ncha ikiwa chini. Siku ya saba ya kulalia, usiku, nilichukua kila yai nikalishika mbele ya tochi ya simu, kwenye kitundu nilichokata katika kipande cha karatoni. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu kama mizizi, na doa jeusi katikati. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Hilo unalitoa na unaweza kulipika. Mara ya kwanza niliyoona ile mishipa niliita watoto wote, na hata baba watoto, mwenye maneno mengi, alikaa kimya akitazama. Miaka yote ile nilikuwa nimechora kitu ambacho sijawahi kukiona.

Mwezi wa kwanza 2025 vita ilipofika Masisi-centre, nilikuwa na kuku mmoja analalia mayai kumi na moja. Nilikuwa nimemwekea kumi na matatu, tochi ikaonyesha mawili matupu. Ilikuwa siku ya kumi na saba.

Sitaeleza vita. Kila mmoja wenu ana yake. Nitaeleza tu mayai. Tulikuwa na muda mdogo wa kufunga vitu: sufuria, unga, vikwembe, makaratasi ya shule. Kuku wengine waliotawanyika tuliwaacha. Baba watoto alimkamata yule aliyekuwa anaatamia, akamfunga miguu. Mimi nikaangalia mayai. Yalikuwa ya moto mkononi. Nilijua ndani ya kila moja kuna kifaranga aliyekwisha kuwa na mdomo na kucha. Sikufikiri sana. Nikatandika pamba ya godoro kwenye kitunga kidogo, nikayapanga, nikakifunga kitunga kifuani kwa kikwembe, mahali ambapo watu hubeba mtoto mchanga anayenyonya. Mtu mmoja njiani aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamjibu siku kumi na saba.

Njiani nilikumbuka jambo nililolisoma wakati wa masomo. Wamisri wa zamani walitotoa mayai kwa maelfu katika tanuru za udongo, bila kuku na bila kipimo cha joto. Mtunza tanuru alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho lake, na kope likamwambia kama joto linatosha. Basi kila tulipopumzika nilichukua yai moja nikaliweka jichoni. Binti yangu aliniuliza kama ninalia. Yai likiwa la vuguvugu la kupendeza, niliendelea. Likipoa, niliingiza mkono wangu wote kitungani na kuinama juu yake. Nilijua pia jambo lingine lililonitia moyo: kifaranga wa siku za mwisho anaanza kutoa joto lake mwenyewe, na hata mama kuku huacha mayai dakika kadhaa kwenda kula.  Yai la siku ya kumi na saba lilikuwa na nguvu.

Mawili yalivunjika tulipovuka kijito, nilipoteleza. Sitaki kukumbuka nilichokiona.

Tulifika Nyabiondo hatuna unga tena. Watoto wanne, na mama mkwe miguu imevimba. Mama mmoja pale alimtazama kuku wetu, akasema anaweza kutoa unga wa mihogo na chumvi. Nilimtazama kuku, nikatazama kitunga. Nilimpa kuku. Hakuna aliyenilazimisha, na baba watoto aliniachia niamue kwa sababu kuku alikuwa wangu. Tukala bugali usiku ule. Lakini tangu saa ile mayai hayakuwa na mama isipokuwa mimi.

Tulishuka upande wa Walikale. Kule ni msitu, ni chini, hewa ni ya joto hata usiku. Mtu wa Masisi anashangaa kutoka jasho akiwa amekaa. Joto lile, nadhani, ndilo lililotuokoa. Tulipewa kulala shuleni, darasa la tano, jamaa sita ndani ya chumba kimoja, madawati yamesukumwa ukutani. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za sehemu. Nilijaza bidoni ya lita tano maji ya moto, nikaifunga kikwembe, nikaiweka kati ya kitunga na tumbo langu, nikafunika vyote kwa blanketi nikiacha nafasi ya hewa. Kila maji yalipopoa nilikwenda kuyachemsha tena. Sikuingiza mbabula ndani ingawa mama mkwe alishauri. Makala kwenye chumba kilichofungwa yanaua watu, sembuse vifaranga. Kuanzia siku ya kumi na nane niliacha kugeuza mayai, maana kifaranga anajiweka sawa ili apasue, na ukimgeuza unampotezea njia.

Usiku wa kuamkia siku ya ishirini na moja, watoto wakiwa wamelala na watu wazima wakijifanya wamelala, nilisikia sauti ndani ya yai. Sauti ndogo, kama msumari unaokwaruza sahani, halafu: pii. Mama kuku huwa anajibu sauti hiyo kwa kukokoroa taratibu. Nami, mwalimu mwenye diploma, nikakokoroa. Mama wa jamaa ya pili aliinua kichwa gizani.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna vifaranga wanagonga mlango."

Alikuja akakaa karibu yangu. Wa tatu naye akaja. Tulikuwa watatu kabla ya mapambazuko, tumeinamia kitunga, na mmoja alitaka kusaidia kwa kubandua ganda. Nilimshika mkono. Wamama, msibandue. Kifaranga akishatoboa anaweza kupumzika saa nyingi, hata nusu siku na zaidi. Wakati huo anamalizia kunyonya kiini kilichobaki na mishipa inafunga. Ukimbandua mapema anatoka damu, anakufa mikononi mwako. Na kile kiini alichokinyonya kinamtosha karibu siku mbili bila kula, kwa hiyo usiwe na haraka hata ya chakula. Mwache akauke.

Sita walitoka. Matatu hayakufunguka. Watoto wa darasa zima, watoto waliokuwa hawajacheka tangu kufika, walijipanga kuangalia mmoja mmoja.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi ndio tulikuwa wageni. Lakini wenyeji walikuja kuona mwalimu aliyetotoa mayai kifuani, na mmoja alikuwa na kuku mwenye vifaranga wa siku mbili. Alikubali tuwaingize wangu usiku, gizani, chini ya mbawa za kuku wake. Lazima iwe usiku. Kuku hajui kuhesabu, lakini mchana anajua sura na atawadonoa wageni. Asubuhi aliamka na watoto kumi na watatu, akawakubali wote. Tulikubaliana na mwenye kuku: mimi nitaleta mchwa na kuwalinda, naye atachukua mmoja wakikua. Mmoja wangu alikufa juma la pili, sijui kwa nini, na yule wa mwenye kuku nilimtoa. Wanne wakabaki: mitetea watatu na jogoo mmoja.

Mwezi wa tatu vita ilipofika hata Walikale-centre tulihama tena kwa muda, wale wanne wakiwa kwenye kitunga kilekile, sasa wakitoa vichwa nje. Kwenye mwezi wa nane mtetea wa kwanza akataga. Leo, kutoka kwao, nina ishirini na wawili, bila kuhesabu niliowauza. Binti yangu yuko la saba. Ada za miezi mitatu ya kwanza ni kuku saba. Nimeandika kwenye kaye.

Kuna jambo moja ambalo kamba na kitunga havitalitatua, nalo ni ule ugonjwa unaofagia kijiji kizima: kuku anasinzia, anaharisha kijani, anapinda shingo, na ndani ya siku chache uwanja ni mtupu. Jina lake ni Newcastle. Hauna dawa. Una chanjo tu, nayo inarudiwa kila miezi mitatu au minne, ikitolewa kwa kuku wazima, siyo waliokwisha kuugua. Shida yetu ni kwamba chupa moja ina dozi za kuku mia moja na zaidi, na ikishachanganywa haifiki kesho. Mama mwenye kuku sita hawezi kununua chupa peke yake. Na chanjo nyingi zinataka baridi toka mjini hadi hapa, kwenye barabara mnayoijua. Ipo aina inayovumilia joto zaidi, ya kudondosha tone moja jichoni, na hiyo ndiyo ya kumwulizia veterineri kwanza. Tukiandikisha kuku wetu wote katika orodha moja tunapata mia moja kwa urahisi, na tunachanja wote asubuhi moja, kabla hawajafunguliwa. Nimeleta orodha kwa katibu wetu. Mpaka jana ilikuwa na kuku 41, ishirini na wawili wakiwa wangu, kwa hiyo bado tuko mbali. Na wale wanaosema kuku mmoja hana maana kuandikwa, waandike huyo mmoja. Ugonjwa unaingia kijijini kupitia kwake.

Mama mkwe anawaambia watu kwamba mimi ndiye nilimfundisha kufunga kuku. Anasahau kuongeza kuwa alinicheka. Namwachia.

Wewe mama uliyeuliza, nimesikia kwamba kuku wako mwingine ameanza kulalia tangu Jumapili. Nitakuja kwako Jumapili ijayo giza likiingia. Tafuta kipande cha karatoni, ukate kitundu kidogo kuliko yai, na usiyaguse mayai kabla sijafika. Mimi nitaleta tochi.